Mstari Chini ya Jina la Marit

Prairie Bend, Nebraska
9 Januari 1994

Kwa mdogo wangu Orrin,

Habari za huko kwenye barafu? Sisi tupo. Theluji imefika dirisha la jikoni, goti langu la kushoto linanisema kila nikipanda ngazi, na paka amejifungulia ndani ya kapu langu la nyuzi za sufu, kwa hiyo mwaka huu usitegemee soksi. Mchungaji anakusalimu. Anauliza kila Jumapili kama bado unalinda kile kiwanda cha samaki peke yako majira yote ya baridi, nami namjibu, ndiyo, kaka yangu anapenda kuongea na mashine zilizozimwa kuliko watu. Usinune. Ndivyo ulivyo.

Halafu hiyo taipureta! Barua yako ya Krismasi imechapwa tena kama ya benki. Tangu lini umekuwa karani? Mtu anamwandikia dada yake kwa kalamu, bwana.

Haya, tuje kwa mtoto. Msimu wa jimnastiki umefunguliwa jana, na mwanao ameanza mwaka wake wa mwisho wa chuo. Nilikaa palepale, safu ya nne, kiti changu cha miaka kumi na tisa, Berneice kulia kwangu na kengele yake ya ng'ombe, bisi mapajani, daftari langu la alama juu ya bisi. Najua hujawahi kuja hata mara moja, basi nakukumbusha: kwenye kila kifaa wanapanda wasichana sita, alama tano za juu zinahesabiwa, ya chini inatupwa. Kwa hiyo mmoja akianguka, wenzake wanambeba. Wakianguka wawili, ndiyo basi tena.

Marit alifanya vyuma tu, vile viwili, kimoja juu kimoja chini. Boriti na zulia kocha amempumzisha. Sikuuliza kwa nini. Aliachia chuma cha juu, akageuka hewani, akakidaka tena, na ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa pamoja. Mimi baada ya miaka yote hii bado nafumba jicho moja. Akapata tisa na nusu na robo kati ya kumi. Daftari langu lilimpa zaidi, lakini mimi ni shangazi yake.

Krismasi alikula kwangu kama kawaida. Alivaa skafu shingoni siku nzima, hata mezani. Kasema baridi.

Bango lake hili hapa, jina kaliandika kwa mkono wake. Wamesaini mpaka saa kumi jioni, foleni ya watoto imezunguka uwanja. Libandike na wenzake.

Dada yako,
Ardith


Ghuba ya Tanner, Alaska
25 Januari 1994

Dada Ardith,

Barua yako imekaa siku nane kwenye ndege ya barua kwa sababu ya ukungu. Nimeipata jana pamoja na kahawa na betri. Mimi mzima. Upepo umeng'oa mabati matatu ya ukuta wa ghala la makopo, nimeyarudisha mawili. Kuna mbweha anakuja mlangoni kila asubuhi, namkatalia, halafu namlisha. Msalimie Mchungaji, mwambie mashine zilizozimwa hazitoi mahubiri.

Taipureta nimeikuta ofisini. Inanifaa. Tuyaache hayo.

Bango nimelibandika ukutani juu ya jiko. Sasa yako kumi na mawili tangu mwaka wake wa kwanza, yamepangwa mstari mmoja, nayaona kila ninapochemsha maji. Hapa hakuna kingine cha kuangalia, kwa hiyo nayaangalia sana.

Dada, nyumba yako ina joto kama tanuri la mkate. Wewe mwenyewe Desemba unakaa na mikono wazi. Skafu ya nini ndani ya nyumba hiyo?

Mama yake alipofariki nilikuachia mtoto wa miaka kumi na miwili nikaja huku. Najua nimekosa haki ya kuuliza mengi. Hilo moja nauliza.

Orrin


Prairie Bend
13 Februari 1994

Kaka Orrin,

Salamu kutoka kwangu, na kutoka kwa paka na watoto wake wanne. Wawili nimegawa, wa tatu Berneice kamtaka, wa nne amekataa kuondoka. Baridi imepungua kidogo. Nimepika supu ya mbaazi na kifupa cha nguruwe, ile unayoipenda, nikaila peke yangu siku tatu.

Jana walikuja wapinzani wetu wakubwa kutoka ng'ambo ya mto. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Watu wa kwao walikuja na ngoma, eti ngoma! Berneice akawaambia, "Mmekuja kwenye mashindano au mmekuja kufukuza ndege shambani?" Tulicheka mpaka nikamwaga bisi.

Kisha ikafika zamu ya vyuma, na Marit alikuwa wa mwisho. Alijipaka chaki muda mrefu sana. Alikuwa anafungua na kufunga mkono wa kulia, anaufungua, anaufunga, kama mtu anayejaribu glovu. Akapanda. Alipoachia chuma cha juu na kukidaka tena, mkono mmoja ulishika, mwingine ukateleza. Orrin, alining'inia kwa mkono mmoja pale juu, miguu inapepea. Zile ngoma zikakoma. Akajirudisha, akamaliza, akashuka kwa miguu yake. Alama yake ndiyo iliyotupwa. Tumeshinda bila yeye.

Watu wakasimama kumpigia makofi kwa ujasiri. Mimi sikusimama. Nikajiambia ni lile goti la kushoto tu.

Baadaye alikuja kunisalimia, akanipa chupa yake ya maji, akasema, "Shangazi, nifungulie, mikono ina chaki." Nikamfungulia. Mikono alikuwa ameshanawa.

Nimefuta mistari miwili hapa. Usijaribu kuisoma kwenye mwanga, nakujua.

Kuhusu skafu, wasichana siku hizi wanavaa wanavyotaka.

Bango nimelitia kwenye bahasha. Limekunjika kidogo, nilikuwa nimelishika kwa nguvu.

Ardith


Ghuba ya Tanner
24 Februari 1994

Dada,

Mimi mzima, mbweha mzima, bati la tatu limerudi. Antena ya redio imeangushwa na dhoruba juzi na kifaa chake hakiji mpaka Aprili, kwa hiyo sasa ni barua tu. Usije ukaniita redioni ukadhani nimekufa.

Nimeisoma kwenye mwanga wa taa. Ulifuta vizuri, lakini neno "Desemba" limebaki, na neno "nimeapa".

Umeapa nini, na kwa nani?

Mkono upi ulioteleza? Wa kulia au wa kushoto? Mkono upi aliokupa nao chupa? Nijibu hayo kama yalivyo, usiniletee paka.

Orrin


Prairie Bend
6 Machi 1994

Orrin,

Hujambo. Sisi hatujambo. Haya, sikuletei paka.

Umekuwa mkali kwenye karatasi kuliko ulivyowahi kuwa mdomoni. Ulikaa huko miaka kumi, unatuma salamu za Krismasi na samaki wa kopo, leo unanihoji kama polisi? Mtoto huyu nimemlea mimi. Homa zake nimezikesha mimi. Mashindano yake yote ya nyumbani nimekaa mimi. Kama kungekuwa na kitu, nisingekiona?

Hakuna kitu. Mkono wa kulia ulipata baridi, basi. Daktari wa timu kamwona mwanzoni mwa mwaka, kamwambia yuko sawa. Anavyosema Marit mwenyewe.

Jana alipanda vizuri mno. Niamini. Alishika kila kitu, akashuka, miguu ikaganda chini kama imepigiliwa misumari, na mashabiki wote safu yetu wakainua vibao vyao vilivyoandikwa kumi. Waamuzi wakatoa tisa nukta tisini. Wenzake wakamvisha lile taji la plastiki wanalomvisha anayeshuka bila kuyumba. Berneice alilia. Mimi nilitazama kupitia vidole, Orrin, nikihesabu: moja, anaachia; mbili, anageuka; tatu, Mungu wangu, anashika. Bisi siku hizi sinunui. Hazishuki.

Tarehe ishirini na sita ndiyo siku ya kuwaaga wa mwaka wa mwisho. Jamaa za msichana wanatembea naye mpaka katikati ya zulia, wanapewa maua, halafu anapanda kwa mara ya mwisho nyumbani. Nitatembea naye mimi, badala yako. Baada ya hapo amemaliza. Msichana wa miaka ishirini na miwili kwenye mchezo huu ni mzee, hana pa kwenda tena. Wiki tatu tu zimebaki. Kwa nini umkoseshe mtu wiki tatu?

Bango hili hapa. Tafadhali usiniandikie kwa hasira.

Ardith


Ghuba ya Tanner
17 Machi 1994

Ardith,

Rubani ananisubiri majini, kazima injini moja tu, kanipa nusu saa. Nachapa kwa kidole kimoja, vumilia makosa.

Bango lako limefika leo. Nimelibandika mwisho wa mstari kisha nikakaa chini.

Tangu mdogo Marit akiandika jina lake anapiga mstari chini yake. Mwalimu wake alimkataza, akaendelea. Kwenye mabango ya miaka mitatu mstari ule umenyooka kama umepigwa kwa rula. Kwenye la Januari umepinda. Kwenye la Februari ni mfupi kama kucha. Hili la Machi halina mstari kabisa, na jina linapanda juu linaanguka chini kama mlevi. Wewe umekuwa ukinitumia haya moja moja, ukanificha kwenye barua, ukanionyesha kwenye bango. Hukuona kwa sababu ulikuwa na moja tu mkononi. Mimi ninayo yote ukutani.

Najua ni nini kwa sababu yamenipata na mimi. Oktoba ya mwaka juzi nilianguka kutoka kwenye ngazi ya ghala, nikafikia shingo. Niliamka, nikapika chai. Mwezi mmoja baadaye vikombe vikaanza kuniponyoka. Kwanza vidole viwili vilikufa ganzi, kisha mkono wa kulia wote. Ndiyo maana ya taipureta. Ulinitania, nikakwepa. Nilikwenda kwa daktari mjini Anchorage, akaniambia mfupa wa shingo umehama, nikianguka tena hata kutoka kitandani ninaweza nisitembee tena, au nisipumue. Alitaka kunipasua. Nikamwambia nitafikiria, nikarudi huku. Sijamwambia mtu. Naogopa kisu, Ardith. Niliona mama yake Marit akiingizwa chumba kile, hakutoka.

Mimi natembea polepole nashika ukuta. Yeye anaachia chuma, kichwa chini, mita tatu kutoka ardhini, mbele ya watu wanaoshangilia. Mkono ule ukifa hewani atafikia shingo hiyohiyo.

Kiapo chako kivunje. Rubani ameapa kuitia barua hii kwenye posta ya haraka. Kama hatakusikia wewe, mpe karatasi hii. Hapo chini nimeandika kwa kalamu. Sijashika kalamu mbele ya mtu kwa miezi kumi na sita.

*Marit mwanangu shuka. Baba.*


Prairie Bend
28 Machi 1994

Kaka yangu mpenzi,

Yuko hai na anatembea. Nimeliandika hilo kwanza ili usiruke mistari kulitafuta.

Barua yako imefika siku yenyewe, Jumamosi saa tano asubuhi. Nimeisoma nimesimama kwenye theluji, na viatu vya ndani. Mashindano yalikuwa saa saba. Nilipiga simu chuoni, hakuna aliyepokea, wote walikuwa ukumbini wanapuliza maputo.

Sasa nikwambie nilichoapa. Tarehe kumi na nane Desemba alianguka mazoezini akafikia kichwa. Walikuwa wawili tu pale, yeye na mwenzake. Alikuja kwangu usoni mweupe kama unga, akaniambia shingo inauma na vidole vinachomachoma, na nikikwambia wewe au kocha hatanisamehe maisha. Nikaapa. Nilijidanganya nimeapa kwa sababu nampenda. Orrin, nilitaka kumwona akipanda. Nilitaka taji, nilitaka vibao vya kumi, nilitaka kutembea naye kwenye zulia mbele ya Berneice na ukumbi mzima. Nilikuwa shabiki kwanza, shangazi baadaye. Hilo litanichoma mpaka kaburini.

Ukumbini hawakuniruhusu kwenda chumba cha kubadilishia nguo. Ikabidi nisubiri tuitwe. Pale kwenye zulia unavua viatu, na soksi yangu ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, na watu elfu tano wanatazama. Akaja, kavaa nguo ya bluu, viganja vimeshafungwa ngozi za kushikia chuma, mikono imejaa chaki. Akanishika mkono. Wa kushoto. Wakatangaza jina lake, wakasema anasindikizwa na shangazi yake, watu wakapiga kelele hizo, sikusikia hata kengele ya Berneice.

Nikamwambia, "Baba yako amekuandikia."

"Baadaye, Shangazi. Tabasamu, wanapiga picha."

"Sasa hivi, Marit."

"Shangazi, usinifanyie hivi hapa."

"Nimekuwa nakufanyia mengine tangu Desemba. Soma."

Nilimfungulia karatasi, maana yeye asingeweza. Nilidhani ataanza juu. Macho yake yakaenda moja kwa moja chini, kwenye ule mstari wa kalamu. Akakunja uso.

"Nani ameandika hii?"

"Baba."

"Uongo. Baba anaandika vizuri. Hii ni kama..." Akautazama mkono wake wa kulia, akajaribu kuukunja. Kidole cha mwisho na cha pembeni yake havikuja.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwaka juzi. Alianguka ngazini."

"Na yuko kule peke yake? Hana hata redio?"

"Peke yake."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nilikuwa na maneno yangu yote. Sikuyahitaji. Alianza kulia palepale na maua kifuani, na watu wakadhani analia kwa kuaga, wakazidi kumshangilia. Kisha akaanza kung'oa ngozi za viganjani kwa meno. Akaenda mwenyewe kwa kocha. Nilimwona Kocha Ruark akiinama kusikiliza, halafu akamshika kichwa kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayebeba yai, na hakumwachia mpaka wahudumu walipokuja na kola ya kushikilia shingo.

Walipanda watano tu kwenye vyuma, hakuna alama ya kutupa, msichana mmoja akaanguka, tukashindwa kwa alama ndogo isiyofika hata nusu. Berneice alimzomea kocha: "Mmemficha wapi Marit?" Nasikia alipoambiwa aliketi na kengele mapajani mpaka ukumbi ukafungwa.

Hospitali walimpiga eksirei. Mfupa wa shingo una ufa na umesogea. Daktari, kijana mwenye ndevu nyekundu, alitutazama akauliza, "Alikuwa akining'inia na hii?" Nikasema ndiyo. "Miezi mitatu?" Ndiyo. Akavuta kiti akakaa. Akasema sijui niliketije safu ya nne nikala bisi. Hapana, hakusema hivyo. Nimesema mimi.

Wanataka kumpasua. Wanasema wakiwahi mkono utarudi, ama wote ama karibu wote. Na yeye amekataa.

Amekataa, Orrin. Amelala pale na kola mpaka kidevuni, haruhusiwi hata kukaa, na anasema hatapasuliwa mpaka wewe ushuke kutoka huko na uingie hospitali hiyohiyo. "Mwambie ameniambia nishuke," anasema. "Nimeshuka. Sasa na yeye." Nimembembeleza, nimemfokea, nimemletea Mchungaji. Ni mbishi kama nani sijui. Daktari anasema kila wiki inayopita ni hatari.

Mimi sina la kuongeza. Ninaogopa kila akipiga chafya.

Ardith


Ghuba ya Tanner
9 Aprili 1994

Dada,

Hii kwa kalamu. Nimeianza na chai ya asubuhi, sasa ni saa nane.

Mwambie Marit ameshinda. Ndege itanichukua Alhamisi. Rubani atanifunga kitini kwa kamba kama mzigo wa makopo. Mabango nimeyabandua yote, ninayo kwenye begi. Mbweha nimemwachia samaki wa kutosha.

Naogopa sana, Dada. Naogopa ndege, naogopa kisu, naogopa atakavyonitazama baada ya miaka kumi. Uje kunipokea wewe. Yeye asitoke kitandani.

Omba tulazwe chumba kimoja.

Orrin
_______ _ ___

Huo ni mstari. Mwonyeshe.